Je, Niweke Nyumba ya Mama Rehani ili Kuinusuru Kampuni Yetu?

Swali

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Pamoja na marafiki wawili niliosoma nao chuo, nilianzisha kampuni ya teknolojia yenye lengo la kumpunguzia mwenye duka la mtaani adha ya kwenda Kariakoo kila bidhaa zinapomwishia. Mwenye duka hufungua programu yetu kwenye simu, huchagua sabuni, sukari, unga, mafuta ya kupikia na vitu vingine, nasi huchukua mzigo kwa muuza jumla na kumfikishia mlangoni kwa kirikuu au guta. Tulianza kwa ruzuku tuliyoshinda katika shindano la wabunifu, kisha ndugu na jamaa wakatuchangia, na mama yangu, ambaye ni mwalimu mstaafu, akatoa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake bila kuniuliza atarudishiwa lini.

Kwa sasa maduka yaliyojisajili kwetu ni 2,300, ingawa yanayoagiza mzigo katika mwezi mmoja ni kama 400, na kwa pamoja hutupatia oda zipatazo 1,100. Oda moja kwa wastani ina thamani ya Sh 150,000, na muuza jumla hutuachia asilimia 3 ya thamani hiyo. Kuifikisha hutugharimu kama Sh 5,000, na ili mwenye duka asirudi kwenye mazoea yake ya zamani tunampa punguzo la Sh 2,000. Tulipojaribu kuliondoa punguzo hilo, oda zilishuka karibu nusu, tukalirudisha. Vilevile tulianza kuwakopesha wateja, kwa kuwa wauzaji wa jumla nao huwakopesha, na hivi sasa tunadai Sh milioni 14 ambazo sina hakika kama zote zitalipwa. Mishahara, pango la ofisi na stoo, pamoja na gharama za kuendesha mfumo, huchukua Sh milioni 9 kila mwezi. Katika akaunti tumebakiwa na kama Sh milioni 47.

Mfuko mmoja wa uwekezaji wa nje ya nchi umetuambia kwamba utafikiria kutuwekea fedha endapo ifikapo mwisho wa mwaka tutakuwa tumefungua Arusha na Mwanza na kusajili maduka 10,000. Mwanzilishi mwenzangu mmoja anataka tukimbilie huko haraka, kwa hoja kwamba kampuni changa za teknolojia hufa kwa kukosa mtaji tu. Mwenzetu wa tatu, ambaye ndiye aliyeiandika programu, ameajiriwa na benki na hutusaidia jioni anapopata nafasi, ingawa bado anamiliki theluthi moja ya hisa kama sisi. Kuna pia muuza jumla wa Manzese ambaye ametuuliza zaidi ya mara moja kama tunaweza kumtengenezea mfumo wa kuweka kumbukumbu za wateja wake wa mali kauli, yaani wanaochukua mzigo na kulipa baadaye. Tulimjibu kwamba hiyo si kazi yetu.

Benki iko tayari kutukopesha Sh milioni 60 kwa dhamana ya nyumba ya mama, na mama amekubali. Je, nichukue mkopo huo? Na je, ni kweli kwamba kampuni za namna hii hufa kwa kukosa mtaji?

Mwanzilishi mwenye mashaka, Tabata

Jibu

Marahaba, binti yangu. Nianze na jambo lisilohitaji mjadala mrefu: usiiweke nyumba ya mama yako rehani. Sisemi hivyo kwa kudhani kwamba kampuni yenu haiwezi kupona. Nasema kwa sababu mkopo huo haugusi kinachoiumiza. Kampuni yenye dhima ya ukomo ina kinga moja kubwa kisheria, nayo ni kwamba ikishindwa, madeni yake huishia kwenye mali ya kampuni yenyewe na mwenye hisa hupoteza kile tu alichowekeza. Siku mama yako atakapotia saini hati ya rehani, kinga hiyo haitamfaa kitu, kwa kuwa benki itakuwa na haki ya kuiuza nyumba ili ijilipe. Kukubali kwake kunaonyesha jinsi anavyokupenda, lakini hakuthibitishi kwamba ameielewa hatari, na anayepaswa kumweleza hatari hiyo ni wewe uliye na hesabu mkononi.

Hesabu hizo umenipa mwenyewe, na nakushukuru kwa kuziandika bila kuzipamba. Asilimia 3 ya Sh 150,000 ni Sh 4,500. Ukitoa Sh 5,000 za usafiri na Sh 2,000 za punguzo, kila oda mnayoifikisha inawaachia hasara ya Sh 2,500, kabla hamjamlipa mfanyakazi hata mmoja wala kulipa pango. Kwa oda 1,100 mnapoteza Sh milioni 2.75 kwa mwezi. Ongezeni Sh milioni 9 za uendeshaji, mtaona kwamba akaunti inapungua kwa Sh milioni 11.75 kila mwezi. Hiyo ndiyo sababu fedha mlizonazo ni za miezi minne. Sh milioni 60 za benki, kwa mwendo huohuo, zingewapa miezi mitano na siku chache, na hapo sijaweka riba wala marejesho ambayo huanza kudaiwa mapema. Mkifungua Arusha na Mwanza, muda huo utakuwa mfupi zaidi, kwa sababu oda nyingi zaidi kwenu maana yake ni hasara nyingi zaidi. Wenye maduka wengi wana msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi daftari mnalo na limejaa, ila naona waanzilishi wote watatu hamjakaa pamoja mkalisoma hadi ukurasa wa mwisho.

Sasa nije kwenye hoja ya mwenzako. Hajakosea kabisa. Kampuni ya utafiti ya Marekani iitwayo CB Insights ilipochapisha mwaka 2021 uchambuzi wa maelezo ya kampuni changa zaidi ya 100 zilizofungwa, asilimia 38 zilitaja kuishiwa fedha au kushindwa kupata mtaji mpya, na asilimia 35 zilitaja kwamba soko halikuhitaji bidhaa yao. Kampuni moja iliweza kutaja sababu kadhaa, na ndiyo maana asilimia hizo haziwezi kujumlishwa. Lakini kila kampuni inayofungwa huwa imeishiwa fedha siku ya kufungwa; swali lenye faida ni kwa nini mauzo yake hayakuzirudisha, na kwa nini waliokuwa na fedha hawakuona sababu ya kuongeza.

Katika biashara yenu hasa, yaani ya kuunganisha maduka madogo na bidhaa, Afrika Mashariki imetoa mifano mingi katika miaka ya karibuni, na baadhi ya kampuni hizo zilipata mitaji ambayo wewe na mimi hatuwezi kuiota. Copia ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2013 ili kuwafikishia bidhaa wananchi wa vijijini na wa kipato cha chini kupitia mawakala, ilitangaza kupata dola milioni 50 mwezi Januari 2022. Mwaka uliofuata ikaondoka Uganda, na Mei 2024 ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Sendy, nayo ya Nairobi, ilianza kwa kuwaunganisha wenye mizigo na wasafirishaji, ikapata dola milioni 20 mwaka 2020, ikajaribu kusambaza bidhaa kwa maduka kisha ikaachana nalo, na ikafunga mwaka 2023. Zumi, iliyokuwa ikiwauzia wafanyabiashara kwa jumla, ilifunga Machi 2023 baada ya kukosa mtaji wa kuendelea, ingawa mauzo yake yalikuwa yamefikia mamilioni ya dola. MarketForce ilitangaza kupata dola milioni 40 Februari 2022 kwa ajili ya huduma yake ya RejaReja, ambayo ilikuwa imeingia katika nchi tano, Tanzania ikiwemo. Mwaka 2024 huduma hiyo ilifungwa. Wasoko, iliyopata dola milioni 125 Machi 2022, iliungana na MaxAB ya Misri mwaka 2024 baada ya kupunguza masoko yake.

Tarehe hizo zina jambo la kutufundisha. Mitaji mingi kati ya hiyo ilitolewa mwishoni mwa kipindi ambacho riba katika nchi tajiri ilikuwa karibu na sifuri, na wenye fedha walikuwa tayari kungoja faida kwa miaka mingi. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba, na kufikia katikati ya 2023 ilikuwa imevuka asilimia 5. Mwenye fedha aliyeweza kupata faida hiyo bila kujihatarisha hakuwa tena na haraka ya kugharimia kirikuu kinachopeleka sukari kwa hasara. Kampuni zilizokuwa zimejipanga kwa kutegemea kwamba mtaji wa awamu ijayo utakuja kwa hakika zikajikuta na maghala, magari na mishahara mikubwa, bila faida ya ndani ya kuyaendesha. Hata hivyo nisingependa uhitimishe kwamba riba za Marekani ndizo zilizowaangusha. Riba ziliondoa fedha zilizokuwa zikificha tatizo lililokuwapo tangu mwanzo, na tatizo lenyewe ni lile lililomo kwenye barua yako: sukari, unga na sabuni ni bidhaa zenye faida nyembamba mno, kiasi kwamba anayeingia katikati ya muuza jumla na muuza rejareja anakuta hakuna nafasi iliyobaki kwa ajili yake, isipokuwa apunguze gharama ambayo mmoja wao alikuwa akiibeba kweli.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kwa muda, kwa sababu naamini kampuni nyingi za teknolojia zinazoanzishwa na vijana wetu hukwama mahali hapa. Waanzilishi huona mtu akifanya jambo kwa njia ya zamani, wakadhani anateseka, kumbe njia hiyo ina faida wasizoziona. Mwenye duka wa Buguruni anapokwenda kwa muuza jumla wake, hafuati bidhaa pekee. Anakagua bei za siku hiyo, anafunguliwa katoni ili achukue nusu, anabadilishiwa mzigo ulioharibika, anasikia bidhaa gani inaadimika, na zaidi ya yote anapewa mali kauli, yaani anaondoka na mzigo kwa ahadi ya mdomo na kulipa atakapouza. Muuza jumla humpa kwa sababu amemjua kwa miaka, anajua anakoishi na nani aliyemtambulisha, na akichelewa kulipa anajua la kumwambia. Programu yenu ilikuja ikiondoa safari, ambayo pengine ilikuwa shida ndogo kuliko mlivyodhani, na haikuleta uhusiano huo. Mlipojaribu kuuiga kwa kukopesha watu msiowafahamu, mkapata deni la Sh milioni 14. Punguzo lilipoondolewa na oda zikashuka karibu nusu, wateja waliwajibu waziwazi kwamba kilichowaleta wengi wao ni Sh 2,000. Lakini msisahau kwamba nusu nyingine walibaki bila punguzo. Hao ndio wateja wenu, na ningekuwa wewe ningefunga safari ya kwenda kuwauliza kwa nini walibaki.

Kosa la kutomwona mshindani aliyekwisha kuwapo limewakuta wengi. Mwaka 2021 kampuni ya Kune Food ya Nairobi, iliyoanzishwa na Mfaransa Robin Reecht, ilipata dola milioni 1 ili kupika na kusambaza milo ya bei nafuu katika jiji ambalo vibanda vya chakula vimeenea kila mtaa. Iliuza mlo mmoja kwa takriban dola 3, na Juni 2022 ikafunga, ikieleza kwamba kwa bei hiyo haikuweza kuendelea kukua. Bei hiyo ilikuwa ndogo mno kwa kampuni yenye jiko, wafanyakazi na wasambazaji wake, na bado ilikuwa kubwa kwa mtu ambaye anaweza kuvuka barabara akapata ugali na sukuma kwa chini ya hapo.

Nimetaja muuza jumla wa Manzese moyoni mara nyingi nilipokuwa nikiisoma barua yako, kwa sababu naona amewapa habari muhimu kuliko barua ya mfuko wa uwekezaji. Mtu huyo ana shida anayoijua mwenyewe, ameizungumza bila kuulizwa, na ameirudia. Ametoa mali kauli kwa makumi ya wateja, kumbukumbu ziko kwenye madaftari na kichwani mwa kijana wake wa kaunta, na pengine kila mwezi kuna fedha zinazopotea kwa sababu tu haijulikani nani alichukua nini na lini. Ninyi mnao mfumo wenye orodha za bidhaa, wateja na madeni. Kumhudumia hakuhitaji gari, stoo wala punguzo.

M-Pesa yenyewe ilipatikana kwa njia inayofanana na hiyo. Majaribio yake ya mwaka 2005 nchini Kenya, ambayo Safaricom iliyaendesha pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, yalikusudiwa kuwawezesha wakopaji kupokea na kulipa mikopo kwa simu. Waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kuitumia kutumiana fedha kwa shughuli zao wenyewe, na waliokuwa wakisimamia wakalizingatia hilo badala ya kulipuuza. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, iliuzwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Hapa kwetu, NALA ya Benjamin Fernandes ilianza kwa kurahisisha miamala ya simu ndani ya Tanzania, kisha ikahamia kwenye kutuma fedha kutoka nje kuja Afrika, na kwa kazi hiyo mpya ikapata dola milioni 10 mwaka 2022 na dola milioni 40 mwaka 2024. Sikuahidi kwamba muuza jumla wa Manzese atawafikisha huko. Ninachosema ni kwamba kubadili kazi kwa kufuata mahitaji mliyoyaona kwa macho si aibu, na wala si kuacha lengo.

Kwa hiyo, katika miezi minne mliyonayo, ningependa mfanye majaribio mawili kwa pamoja, na yote yafanywe kwa bei halisi. La kwanza ni kuisafisha biashara ya sasa. Acheni kukopesha na anzeni kukusanya madeni mara moja. Ondoeni punguzo. Chagueni kata mbili au tatu zinazopakana, ambako wateja waliobaki ni wengi, na mpeleke mizigo kwa siku maalumu za wiki. Nadhani gari moja linawagharimu kama Sh 60,000 kwa siku na linahudumia maduka 12, maana hivyo ndivyo Sh 5,000 zinavyopatikana. Likihudumia maduka 30 yaliyo jirani, gharama inashuka hadi Sh 2,000, na oda iliyokuwa ya hasara inaacha Sh 2,500. Kwa gharama za uendeshaji za sasa mngehitaji oda 3,600 kwa mwezi ili msipate hasara, jambo lililo mbali. Mkizipunguza hadi Sh milioni 5, mtahitaji 2,000. Kupunguza huko kutamaanisha ofisi ndogo zaidi na watu wachache zaidi, na najua kuwaambia wafanyakazi habari hiyo ni kazi chungu. Waambieni mapema, wakiwa bado wanaweza kulipwa stahiki zao.

La pili ni kumrudia muuza jumla wa Manzese na kumpa mfumo wa kumbukumbu za mali kauli kwa ada ya mwezi anayoianza kulipa tangu siku ya kwanza, hata kama ni Sh 50,000. Msimpe bure kwa kisingizio cha majaribio, kwa kuwa sifa za mtu asiyelipa hazina uzito wowote. Akilipa na akaendelea kulipa, tafuteni wengine wa Tandale, Mbagala na Kariakoo kwenyewe. Kwa kuwa mfumo huo utahifadhi majina, namba za simu na madeni ya watu, someni mapema masharti ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na mjisajili kwenye Tume husika. Na endapo siku moja mtafikiria kutoa mikopo ya fedha, fahamuni kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka leseni. Wengi hulichukulia suala la sheria kama mambo ya baadaye, ilhali uamuzi mmoja wa mamlaka unaweza kuisimamisha hata kampuni kubwa: Uber ilisitisha huduma zake Tanzania Aprili 2022 baada ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kuweka ukomo wa asilimia 15 kwenye kamisheni inayotozwa madereva, na ikarejea Januari 2023 masharti yalipolegezwa. Kampuni ya ukubwa huo iliweza kungoja miezi tisa. Ninyi msingeweza.

Kuhusu mfuko wa uwekezaji, mjibuni kwa heshima kwamba kwa sasa mnaimarisha hesabu za oda moja na mtawapelekea matokeo. Soma tena walichoandika: watafikiria. Hiyo si ahadi ya fedha. Mkitumia kila kilichobaki kusajili maduka 10,000 katika mikoa mitatu, nao wakabadili mawazo, hamtakuwa na cha kurudia. Tayari mnajua usajili hauna maana kubwa, kwa sababu kati ya maduka 2,300 ni 400 tu yanayoagiza. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, ilikuwa na jina na fedha kuliko sote, na bado iliondoka Tanzania Novemba 2019, ikarudisha nguvu kwenye masoko iliyoona yanalipa. Mwekezaji makini atavutiwa zaidi na kata tatu zinazoingiza faida kuliko ramani ya nchi nzima yenye hasara. Asiyevutiwa na hilo, ni heri mmfahamu mapema.

Limebaki suala ambalo umeligusa kwa sentensi moja, nami naliona ni zito, nalo ni hisa za mwenzenu aliyeajiriwa benki. Simlaumu kwa kutafuta mshahara. Huenda ana watu wanaomtegemea. Lakini mtu anayefanya kazi saa chache za jioni hawezi kuendelea kumiliki sawa na wanaoshinda juani, na jambo hili likiachwa huzaa kinyongo ambacho huvunja urafiki na kampuni kwa pamoja. Kaeni naye kabla ya mambo mengine yote. Utaratibu unaotumika sana ni kwamba hisa za mwanzilishi hupatikana kidogo kidogo, kwa kawaida ndani ya miaka minne, na anayeondoka hubaki na sehemu ya muda alioutumikia tu. Hamkuuweka mwanzoni, kwa hiyo sasa ni suala la maelewano: abaki na sehemu inayolingana na kazi kubwa aliyoifanya ya kuiandika programu, zinazobaki zirudi kwenye kampuni, na makubaliano yaandikwe na wakili na mabadiliko yasajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Hakikisheni pia kwamba haki zote za programu ziko kwa kampuni kwa maandishi. Kama ziko kwake binafsi, kila kitu nilichoshauri hapo juu kitasimama juu ya kitu msichokimiliki.

Wekeni kiwango cha fedha ambacho akaunti ikikifikia, majaribio yote mawili yakiwa hayajazaa, mtafunga kampuni kwa utaratibu. Ningependekeza Sh milioni 15, ili ziwepo fedha za kulipa mishahara ya mwisho, michango ya NSSF, kodi iliyokatwa kwenye mishahara ambayo inapaswa kufika TRA, na wauzaji wa jumla mnaodaiwa. Kampuni inayofungwa ikiwa imelipa watu wake huwaachia waanzilishi jina zuri Kariakoo, na jina hilo ndilo mtaji wa biashara yenu ijayo.

Zile fedha za kiinua mgongo cha mama yako nazo zipewe hadhi kwa maandishi, ama ziwe hisa zake ama ziwe deni la kampuni kwake. Kwa jinsi mambo yalivyo sasa hazijulikani ni nini, na endapo kampuni itafungwa, mdai asiye na karatasi huwa wa mwisho kusikilizwa. Mpelekee hesabu hizi nilizozirudia hapa, mkae naye mezani, na umweleze kwa nini hati ya nyumba inarudi kabatini.